Fahali Amefaulu Vipimo, Mbona Majike Hawashiki Mimba?

Kabla ya msimu wa kupandisha, fahali wa nyama nchini Marekani hupimwa kwanza kwa utepe. Dume wa umri usiozidi miezi 15 anatakiwa awe na mzunguko wa korodani usiopungua sentimita 30. Kisha shahawa huwekwa chini ya darubini: angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 70 ziwe na umbo lisilo na kasoro. Vipimo hivi huwanasa madume wabovu. Hata hivyo, kati ya waliofaulu, yupo anayetia mimba karibu kundi zima na yupo anayeacha wengi watupu. Tofauti hiyo ndiyo waliyoifuatilia watafiti Mary Bellin, Roy Ax na wenzao miaka ya 1990.

Walianzia kwenye jambo lililokwisha kujulikana. Mbegu iliyotoka sasa hivi haiwezi kurutubisha yai; sharti kwanza ikomae ndani ya njia ya uzazi ya jike, ikichochewa na molekuli za jamii ya heparini. Nazo heparini zinahitaji pa kujishikiza. Mahali hapo ni protini ambazo tezi za fahali humwaga ndani ya shahawa, zikaganda kwenye utando wa mbegu.

Maabarani, shahawa zilizungushwa kwa kasi ili mbegu zitengane na majimaji. Protini za kila upande zikapitishwa kwenye mrija uliopakwa heparini, kisha zikasuuzwa kwa chumvi iliyoongezwa ukali kidogo kidogo. Zilizoshika kwa ulegevu zilitoka mapema. Zilizong'ang'ania hadi mwisho zikaitwa B5.

Ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa malishoni. Ranchini madume kadhaa huachiwa majike kwa pamoja, na si rahisi kujua ndama ni wa nani. Watafiti waliwapanga madume kulingana na protini zao, wenye hali moja wakawekwa pamoja na majike. Mimba zikahesabiwa kwa kundi, bila haja ya kumtafuta baba wa kila ndama.

Madume ambao B5 ilikuwa kwenye utando wa mbegu, huku haionekani kwenye majimaji, waliwashinda wale ambao ilibaki ikielea kwenye majimaji bila kuzishika mbegu. Kuitengeneza protini, basi, hakutoshi. Lazima ifike inapohitajika. Baadaye kingamwili zilisaidia kutambua, miongoni mwa protini hizo zinazoshika heparini, moja ya takriban kilodaltoni 31, ikapewa kifupi cha FAA (antijeni inayohusishwa na uzazi). Mwaka 1999 ilibainika kuwa inafanana na kimeng'enya kinachokata DNA. Madume waliokuwa nayo kwenye mbegu waliwazidi wasio nayo kwa zaidi ya pointi 15 za asilimia.

Lakini mbinu ile ile iliyorahisisha kazi ndiyo inayoweka mpaka wa jibu. Wastani wa kundi haumhukumu fahali mmoja: asiye na FAA naye huzalisha, na mwenye FAA akiwa anachechemea hatapanda jike yeyote. Kipimo cha protini kina faida pale tu utepe na darubini vimeshamaliza kazi yao, na mfugaji amebaki na madume kumi wazuri huku akihitaji sita.