Chumba cha Watoto na Hesabu ya KRA

Wengi wanaolea watoto wa wenzao nyumbani mjini Kakamega hudhani kodi yao ni TOT, yaani kodi ya mauzo. Si lazima. Tangu Julai 2023, TOT ya 3% inawahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na hukatwa kwenye mauzo yote, gharama zikae zilivyo. Kituo chenye watoto 15 wanaolipa 3,500 kwa mwezi kinaingiza 630,000 kwa mwaka. Hicho kinafaili kodi ya kawaida ya mapato, na huko kila gharama ina uzito wake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga mtaa wa Amalemba, pango 18,000 kwa mwezi. Msaidizi mmoja, mshahara na michango ya mwajiri, 192,000 kwa mwaka. Uji, chakula na sabuni, 120,000. Inabaki 318,000. Je, pango nalo?

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inaruhusu katika kifungu cha 15 gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuleta mapato pekee. Kifungu cha 16 kinakataa matumizi ya mtu binafsi na familia yake. Neno "pekee" ndilo linaloamua.

Chukua tepu ya kupimia. Nyumba ina mita 80 za mraba. Chumba cha watoto ni mita 4 kwa 4, yaani 16, asilimia 20 kamili. Magodoro madogo ukutani, poti pembeni, rafu ya nepi. Sanduku la nguo za baba likiwekwa humo, au mgeni akilazwa humo Jumamosi, "pekee" imevunjika. Likitolewa, 20% ya pango la 216,000 ni 43,200, na kwa maoni yangu hizo zinadaiwa kwa moyo mweupe.

Sebule ni mita 24, asilimia 30. Mchana watoto wanacheza, usiku familia inatazama habari. Marekani, kituo chenye leseni huruhusiwa kugawa sebule kwa saa: 11 kwa siku, siku 5, wiki 50, ni saa 2,750 kati ya 8,760 za mwaka, kama 31.4%. Hapo, kwenye 30% ya pango, zingetoka 20,300 hivi. Sheria yetu haina kanuni hiyo, nami nisingeidai sebule.

Wala haihitajiki. Bila chumba, 288,000 za kwanza zinatozwa 10%, yaani 28,800, na 30,000 zinazobaki 25%, yaani 7,500. Ukiondoa nafuu binafsi ya 28,800, unalipa 7,500. Ukiingiza chumba, faida inashuka hadi 274,800, kodi 27,480, nafuu inaimeza yote. Sebule isingeongeza hata senti. Nguvu ielekezwe kwenye chumba kimoja kilicho safi kisheria.

Kisha karatasi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki, isipokuwa chache, mishahara ikiwemo. Kwa mama mboga, mnunuzi anaweza kuiandaa ankara mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa mapema, kabla pango la mwezi halijatumwa kwa simu. Asipotoa ankara, 43,200 zote zinaanguka, na ile 7,500 inarudi.