Kisima Kilichokosa Mafuta

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilichoronga visima vya utafiti Kimbiji, wakati huo ikiwa Temeke, leo Kigamboni. Walitafuta mafuta, wakayakosa. Kwa watu wa mtaani habari iliishia hapo: pesa zimezama ardhini, mitambo imeondoka.

Mimi hapo ndipo ninapowavulia kofia. Tazama kazi ya kuchukua sampuli. Meno ya mtambo yanasaga mwamba huko chini, na tope la kuchorongea linapandisha vipande vyake, vidogo kama chenga za mchele. Kila baada ya mita chache mjiolojia anavikinga kwa chekecheo, anaviosha, anavikausha, anavikagua kwa lenzi ya mkononi. Anadondosha tone la tindikali. Kikitoka povu, hiyo ni chokaa. Mtego uko kwenye kina. Vipande havifiki juu papo hapo. Kisima kikiwa kirefu vinaweza kusafiri saa nzima au zaidi, na meno yameshasonga mbele. Namba ya kina ya kuandika kwenye mfuko wa sampuli si ile inayosomeka mtamboni dakika hiyo. Lazima apige hesabu ya kurudi nyuma. Akiteleza, mwamba wa mita 900 anauandikia 930, na kosa hilo linamsubiri mtu ambaye pengine hajazaliwa.

Mipango ya miaka 25 yenye majalada ya kung'aa tunayo tele. Ninayoiamini zaidi ni ile iliyoanzia kwenye mfuko ulioandikwa sawasawa.

Na subira ya kazi hii si ya kitoto. Kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, ikaona hailipi, ikaondoka. TPDC wakabaki wanachoronga na kupima. Gesi ilifika Ubungo mwaka 2004, miaka 30 baadaye, ikaendelea hadi tanuri za saruji za Wazo Hill, Kinondoni. Aliyekuwa kijana kazini mwaka ule wa kwanza alikuwa anakaribia kustaafu.

Na Kimbiji? Miaka ya 2000, waliokuwa wakiitafutia Dar es Salaam maji walirudi kwenye kumbukumbu za wale wa mafuta, vipimo vya visima na vya mitetemo ya ardhi. Humo wakaona tabaka nene za mchanga zenye maji baridi, mbali kabisa chini ya visima vyetu vya uani ambavyo ukiwa karibu na bahari vinakupa chumvi. Ndiyo asili ya visima virefu vya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, vya Kimbiji na Mpera, vyenye kina cha mamia ya mita.

Ningependa kuuona mwandiko wa aliyeurekodi mchanga ule. Kazi yake ilikuwa mafuta. Mchanga mtupu haukuwa habari ya kumpelekea bosi. Akauandika hata hivyo, mita kwa mita.