Kutoka Mnazi Mmoja hadi Mnazi Mmoja: Nimeingia Nyumbani kwa Freddie!

Nimeingia! Naandika haya nikiwa nimekaa barazani, Shangani, viatu vyangu bado vina vumbi jekundu la Namtumbo na mikono haijatulia. Muda si mrefu uliopita nimetoka kwenye nyumba ambamo Freddie Mercury aliishi alipokuwa bado Farrokh, mtoto wa Bomi na Jer Bulsara, kabla dunia haijamjua. Mjomba yuko kando yangu na kikombe cha kahawa chungu. Ananitazama ninavyokimbiza kalamu, anasema, "Mwanangu, pumua kwanza."

Nitapumua kwenye boti.

Niseme tulivyofika, maana safari yenyewe ni nusu ya utamu. Watu wengi wa kwetu wakienda Dar es Salaam hupitia Songea, Makambako na Iringa. Sisi tulielekea mashariki: Mchomoro, Matemanga, Tunduru, kisha Masasi, tukalala huko chini ya yale majabali makubwa yanayoonekana kama tembo waliolala. Flashi ya gari niliijaza nyimbo za Queen, bendi ya Freddie, mwanzo mwisho, kuanzia albamu yao ya kwanza ya 1973. Mjomba ni mpiga ngoma wa lizombe tangu ujana wake, na Kiingereza hakijui. Mpaka Tunduru alikuwa kimya. Baada ya Tunduru nikaona vidole vyake vinagonga goti.

Asubuhi ya pili tukafika Mingoyo, kwenye njia panda ambapo barabara ya Masasi inakutana na ile ya Lindi na Mtwara. Pale panaitwa Mnazi Mmoja. Tukanunua korosho, tukapanda kaskazini, tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na jioni tukawa Dar. Gari tukaliacha kwa ndugu. Kulipokucha, tukienda bandarini, tukapita bustani za Mnazi Mmoja. Mjomba akauliza, "Tena Mnazi Mmoja?" Nikamwambia asubiri, maana wa tatu uko ng'ambo, na huo ndio ulionitoa nyumbani. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali ambayo leo tunaiita Mnazi Mmoja.

Sasa nyumba!

Iko Barabara ya Kenyatta, karibu na Posta ya zamani, na kama hujui unachotafuta unaweza kuipita ukidhani ni duka. Nje kuna picha zake nyuma ya vioo na mlango wa mbao, na watu wa kila rangi wamesimama wanapigana picha. Nilidhani nitapiga kelele. Nilinyamaza kabisa. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa nje, nikawaza kwamba huenda mtoto yule naye aliwahi kuuegemea akisubiri mamaye ashuke ngazi.

Makumbusho haya yalifunguliwa tarehe 24 Novemba 2019, miaka 28 kamili tangu afariki London akiwa na miaka 45. Ndani si pakubwa, nami naomba usiende ukitarajia kasri. Ni nyumba ya mjini, ya familia ya mtumishi wa serikali ya kikoloni. Baba yake alikuwa keshia. Hapo ndipo moyo wangu ulipodunda! Jumba la kifahari lingenionyesha nyota tu. Hapa namwona mtoto wa mtumishi wa kawaida, mtoto wa ghorofani Mji Mkongwe, aliyesikia adhana alfajiri na kengele za kanisa mchana, huku kwao wakisali kwa dini ya Zoroaster kama Waparsi wengine waliotoka Gujarat kutafuta maisha kwetu. Masikio yaliyolelewa katika mitaa hii yangewezaje kutosheka na aina moja ya muziki? Wimbo wake mkubwa wa 1975, ule wa karibu dakika sita, unaanza taratibu, unageuka opera, kisha unalipuka kuwa roki. Na katikati yake limo neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni. Nimelisikia neno hilo mara elfu nikiwa Namtumbo. Kulikumbuka nikiwa nimesimama humu ndani ni jambo jingine kabisa.

Kinachotawala humu ni picha, nami nilienda nazo polepole, moja moja, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakanipita. Ya mtoto na wazazi wake ndiyo iliyonishika zaidi. Kisha inakuja sehemu ya India: akiwa na miaka 8 alipandishwa meli kwenda shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, si mbali na Bombay. Miaka 8! Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, huko alijifunza piano, na huko akiwa na wenzake wanne waliunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics.

Hapo nilimshika Mjomba mkono, maana kuna jambo lilinijia ghafla. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeimba taarabu kwa Kiswahili hadi ikavuka kuta za majumba ya wakubwa, naye alivuka bahari hiyohiyo kwenda Bombay, mwaka 1928, kurekodi santuri. Sauti ya Siti ilikwenda Bombay ikarudi kwenye sahani, na miaka isiyofika 30 baadaye mtoto wa Shangani akaenda upande huohuo akarudi na piano vidoleni. Bahari hii imebeba karafuu nyingi, lakini kwangu mimi mzigo wake mkubwa ni huu.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Mapinduzi yakatokea Januari 1964, familia ikaondoka kwenda Uingereza, ikakaa Feltham, magharibi ya London. Freddie alikuwa na miaka 17. Kuanzia hapo habari zake tunazijua wote: Queen mwaka 1970, jina la Mercury, viwanja vilivyojaa, wimbo wa mabingwa wa 1977 ambao hata Namtumbo tuliusikia redioni baada ya fainali za mpira bila kujua kwamba mwimbaji wake alizaliwa katika nchi yetu. Sehemu hii nimeipitia haraka. Ni nzuri, mavazi na jukwaa na taa, lakini hayo unaweza kuyaona popote. Ya utotoni huyapati kwingine yakiwa na harufu ya bahari inayoingia dirishani.

Tulipotoka, Mjomba alitaka kuelewa kwa nini watu wamevuka mabahari kuja kuona ngazi na picha. Sikutaka kumhubiria. Nikafungua simu hapa barazani, nikamwekea Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985: watu kama 72,000 na dakika zipatazo 20 tu za Queen. Ikafika pale Freddie anapoachana na nyimbo, anasimama peke yake, anatupa sauti tupu isiyo na hata neno moja, na uwanja mzima unamrudishia. Anatupa tena, ndefu zaidi, yenye kona. Wanamrudishia na kona zake.

Mjomba alisogeza simu karibu na uso. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu aliweka kikombe chini. "Huyu anaitikiwa," akasema. "Huwezi kufundishwa hicho. Sisi kwenye lizombe, mwenye kuanzisha akikosa kuitikiwa, ngoma imekufa. Huyu amewaitisha watu wote hao, na wala hawamjui kwao." Jamani! Nimesoma makala ngapi kuhusu dakika hizo 20, na hakuna iliyonieleza kama mpiga ngoma wa Namtumbo mwenye kahawa chungu mkononi.

Kwa hiyo nenda! Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na vichochoro havijajaa. Nenda na mtu asiyemjua Freddie, hasa mzee wako, umsikilize yeye. Na ukitoka usikimbilie ufukweni. Tembea mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja, usimame ng'ambo ya barabara dakika moja. Tumefanya hivyo. Akina mama walikuwa wanatoka na vichanga vilivyofungwa kanga, na kila kichanga nilikiangalia mara mbili.

Ninatamani na wengine wapate nyumba kama hii. Dar, kituo cha Sinza kwa Remmy kimebeba jina la Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akatuimbia kifo na unyonge kwa Kiswahili chetu. Kila konda analiita jina lake mchana kutwa. Bi Kidude aliishi hapahapa mjini mpaka alipofariki mwaka 2013. Nipeni milango, nitaendesha gari!

Boti ni saa kumi. Mjomba ameshapanga mambo ya kurudi: amesema tupite njia ileile ya kusini, na tukifika Mnazi Mmoja ya Mingoyo nizime gari pembeni, tule korosho, nimwekee tena ule wimbo mrefu tangu mwanzo, kwa sauti ya juu, milango yote ikiwa wazi.