4x4 ya Mfuko Mdogo: Ukaguzi Uanzie Chini ya Gari

Kila gari kuukuu litaharibika siku moja. La kutegemewa ni lile ambalo likikwama Jumatatu asubuhi, fundi wa mtaani analijua, kipuri chake kipo Kirinyaga Road, Nairobi, na bei ya kipuri hicho haimlazimishi mwenye gari kukopa. Kwa kipimo hicho, tuchambue namna ya kuchagua 4x4 iliyotumika kwa mnunuzi wa Soweto East, Kibera: mwanakandarasi mdogo anayebeba vifaa vya ujenzi, mfanyabiashara anayefuata mazao shambani, au chama kilichochanga pesa kinunue gari la kukodisha.

Soweto East ni mtaa wa barabara mbili tofauti. Chini ya KENSUP, mpango wa serikali wa kuboresha makazi ya mabanda, wakazi wa Zone A walianza kuhamishiwa Lang'ata Septemba 2009, na nyumba 822 zikakabidhiwa Julai 2016. Barabara ilifunguliwa katikati ya mtaa, na gari likaweza kufika mahali palipokuwa pa mkokoteni. Lakini ukiiacha barabara hiyo ukaingia ndani, mvua za masika zikishika, unakutana na matope, mitaro na miteremko inayoelekea mtoni. Ongeza safari za ushago, na utaelewa kwa nini mtu mwenye pesa kidogo bado anaitamani 4x4.

Je, unaihitaji kweli?

Sifa nyingi zinazopewa 4x4 ni za tairi na kimo cha gari. Probox yenye tairi nzuri na dereva mtulivu hufika vijiji vingi vya Kenya, na haina haja ya kusukumwa na magurudumu manne. Kama safari zako ni Kawangware, Gikomba na Marikiti, 4x4 itakunywea mafuta bure. Ukipanda milima ya Kisii kwenye udongo mwekundu uliolowa, au ukivuka udongo mweusi unaonata wa Kano na Kajiado, hapo mambo hubadilika. Tairi mbili zikianza kuzunguka bila kushika, mbili nyingine ndizo zitakazokutoa.

Bei inatoka wapi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Kwa mwaka 2025, kikomo kilikuwa magari yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Baada ya umri huja ushuru, nao haujumlishwi tu, unapandiana.

Chukua gari la injini ya zaidi ya cc 1,500 ambalo mamlaka ya ushuru, KRA, imelipatia thamani ya forodha ya shilingi 500,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni 175,000, jumla inafika 675,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 unatozwa juu ya jumla hiyo, si juu ya thamani ya mwanzo: 168,750. Kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya vyote: 135,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2, zinaongeza 22,500. Gari la laki tano sasa limefika 1,001,250, na bado hujalipa bandari, usajili wala wakala. Kodi peke yake imelingana na gari zima. Injini ya petroli ikizidi cc 3,000, au ya dizeli ikizidi 2,500, ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35, na hesabu inazidi kuuma.

Ndiyo maana mwenye milioni moja hashindani na waagizaji. Soko lake ni la ndani, la magari yaliyokwisha kupita mkono mmoja au miwili hapa nchini. Hapo ushuru ulilipwa zamani na mwenye gari wa kwanza, na wewe unalipia hali ya gari.

Milioni hiyo usiimalizie kwa muuzaji. Nunua kwa 800,000, weka 200,000 ya tairi, oili zote, breki, bushi na kasoro zitakazojitokeza mwezi wa kwanza. Anayetumia pesa zote kununua huwa amenunua gari la kuegesha.

Aina tatu chini ya jina moja

Beji ya 4WD nyuma ya gari haikuambii kitu. Kuna mifumo mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

Wa kwanza ni ule wa kuunganishwa kwa hiari ya dereva: Toyota Hilux, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Suzuki Jimny. Kwa kawaida magurudumu ya nyuma husukuma peke yake; ukivuta wenzo au kubonyeza swichi, ekseli mbili zinafungwa pamoja. Ni mfumo imara, rahisi kutengeneza, na una 4L, gia ya chini ya kupandia kilima polepole ukiwa na mzigo. Lakini usiuunganishe kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mkazo unaishia kwenye propela na gia.

Wa pili husukuma magurudumu yote wakati wote, ukiwa na difu ya kati inayoruhusu tofauti hiyo ya mwendo na inayoweza kufungwa matopeni. Huu uko kwenye Prado, Land Rover Defender, na Suzuki Escudo ya kuanzia 2005, ambayo swichi yake ina 4H, 4H Lock, 4L Lock na N.

Wa tatu husubiri tairi za mbele ziteleze ndipo utume nguvu nyuma. Honda CR-V ni hivyo, na Nissan X-Trail pia, ingawa X-Trail ina kitufe cha LOCK. Hauna gia ya chini. Kwa murram na matope ya kawaida unatosha. Kwa kilima cha udongo mweusi na mzigo nyuma, utachoka kabla yako.

Wagombea

X-Trail ya kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007, imejaa mjini na vipuri vyake vya ex-Japan havitafutwi kwa tochi. Injini yake ya QR20 hutumia cheni badala ya mkanda. Adui zake ni sensa za injini na oili inayopungua kimyakimya, hivyo chomoa kijiti cha oili mwenyewe. Ile iliyofuata mara nyingi ina giaboksi ya CVT, isiyovumilia oili ya kubahatisha. Usipopata ushahidi kwamba oili sahihi imekuwa ikibadilishwa, iache.

RAV4 ya miaka ya 2000 hadi 2005 ni nyepesi na imara, ila uliza injini. Zile zilizoandikwa D-4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, vali hazioshwi na masizi hujikusanya. Pampu yake ya shinikizo kubwa nayo haipendi petroli chafu. Hiyo si injini ya kumpelekea fundi yeyote.

Subaru Forester hushika barabara vizuri sana, lakini hudai nidhamu: tairi nne za saizi moja na uchakavu uliokaribiana, na mkanda wa injini zake za EJ kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Prado ndiyo ndoto ya wengi, na ndoto hiyo ina bei. Prado inayouzwa kwa laki nane ina hadithi ambayo muuzaji hajakusimulia: injini iliyopata moto, chesisi iliyopinda au logibuku yenye deni.

Inabaki Escudo. Kwa pesa hizi, ni vigumu kupata gari jingine lenye 4L na difu ya kufungwa, injini ya petroli ya cheni, na mwili unaopenya barabara za mtaani. Mafuta inakunywa, mjini usitarajie makubwa. Sikiliza cheni asubuhi na mlio wa difu ya mbele ukiwa mwendo wa kasi.

Ukaguzi wenyewe

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti. Ikiwa na joto, kuna kitu alikuwa anakificha. Liwashe likiwa baridi na utazame bomba la moshi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mweupe usiokwisha injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na gasketi ya silinda hedi inakungoja.

Kisha lala chini, au lipeleke kwa fundi mwenye shimo. Tazama kama chesisi imechomelewa, kama sili za difu zinavuja, na kama raba za kwenye ekseli za mbele zimepasuka na grisi imetapakaa. Injini iliyooshwa ikang'aa huku chini kumejaa oili mbichi ni jibu tosha.

Sasa jaribu 4x4 yenyewe, hatua ambayo wengi huiruka. Gari la mfumo wa pili, au Forester, lizungushe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kwenye lami, difu ikiwa haijafungwa. Likirukaruka au kujizuia kama limevutwa breki, kiunganishi cha kati kimekufa. Kisha nenda kwenye murram, weka 4L kama ipo, na usikie kama inaingia na kutoka. Gari lililoishi mjini tu linaweza kuwa halijawahi kuwekwa 4L, na mtambo usiotumiwa hukwama. Zunguka tena: mlio wa tak-tak-tak mbele ni jointi za ekseli zilizolika.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ukaguzi wa maji ni lazima. Inua zulia la sakafuni na unuse. Tazama kutu kwenye reli za viti na matope makavu nyuma ya dashibodi. Gari lililozama huendelea kuharibika kwa upande wa umeme miezi mingi baada ya kukauka.

Umri nao una ushahidi wake. Herufi za namba ya usajili husema gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilitengenezwa lini. Vuta mkanda wa kiti hadi chini na usome lebo iliyoshonwa pale. Mara nyingi ina mwaka. Kilomita zinarudishwa nyuma kwa urahisi, kwa hiyo omba cheti cha usafirishaji cha Japani kinachoonyesha kilomita, na ulinganishe na pedali: raba iliyolika hadi chuma haikutembea kilomita 80,000 tu.

Karatasi

Fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi ya ahadi. Jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma. Likitokea jina la benki au kampuni ya mikopo kama mwenye gari mwenza, deni halijaisha. Uhamisho wa umiliki uanzishwe na muuzaji kwenye akaunti yake, nawe uukubali kwenye yako. Usikubali "tutabadilisha baadaye".

Hukumu yangu ni hii. Kama barabara yako ni murram, chukua X-Trail ya kwanza iliyotunzwa na ubaki na chenji. Kama una vilima, mzigo na udongo mweusi, tafuta Escudo ya 2005 na kuendelea ambayo 4L yake inaingia na kutoka. Mlipe fundi wako wa ukaguzi wewe mwenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji, na asipopewa nafasi ya kuingia chini ya gari, ondokeni wote wawili.