Chumvi Katika Sufuria Tupu

Mwenye kuchekesha anayo ruhusa ya kutia chumvi, ila chumvi hutiwa penye chakula. Kwa kipimo hicho na tuupime mchezo wa katuni wa televisheni ya Marekani uitwao The Simpsons, katika sehemu yake iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 2001, ambamo Homer Simpson na jamaa yake wasafiri hadi Tanzania.

Ndege haijatua, mara jina la nchi limekwisha kubadilishwa. Mwishoni Kitenge, aliyekuwa akiwaongoza watalii, amekuwa rais. Naye Muntu, rais aliyepinduliwa, awahudumia abiria ndegeni. Mtazamaji wa mbali hucheka, na huenda akadhani ndiyo desturi ya huko. Lakini kijana wa Takawiri, kisiwa cha Kenya katika Ziwa Viktoria, ziwa lile lile lifikalo Musoma na Mwanza, hana budi kuuliza: ni nchi gani hiyo? Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania likachukuliwa mwaka huo huo, na halijabadilika. Tangu Muungano serikali haijapinduliwa. Nyerere aling'atuka mwaka 1985, Mwinyi akampokea, kisha akampisha Mkapa mwaka 1995. Hapa, basi, chumvi imetiwa katika sufuria tupu: mambo ya nchi nyingine yamebandikwa kwa jirani yetu, kwa kuwa zote zimo Afrika.

Hata hivyo tusiwanyime watunzi haki yao. Yumo pia bibi mtaalamu, Dakta Joan Bushwell, asifiwaye kwa kuwalea sokwe, kumbe awatumikisha katika mgodi wa almasi. Akina Simpson waigundua siri, wapewa almasi, wanyamaza. Bibi huyu amebuniwa kwa kumwigiza Jane Goodall, aliyeanza kazi Gombe mwaka 1960, ambaye hakutenda uovu huo. Lakini shabaha ya dhihaka ni tamaa ya mgeni ajifanyaye mfadhili, na tamaa hiyo Afrika yaijua sana. Hapo chakula kipo, na chumvi imekolea.

Msomaji atasema kwamba mchezo huu huwakejeli hata Wamarekani. Ni kweli. Lakini Marekani inazo picha elfu nyingine za kumsahihisha mtazamaji; Tanzania, machoni pa wengi, haikuwa nazo. Ndiyo maana yafaa kuijua historia ya jirani: aijuaye hucheka panapostahili, na panapobaki huuliza.