Mizani ya Maneno ya Muuzaji wa Mbegu

Mtu atokaye Nakuru kwa barabara ya Nyahururu, akaingia bonde la Subukia mwezi wa Machi, wakati mashamba yamekwisha kulimwa na macho ya wakulima yanaelekea mawinguni, hukuta duka la pembejeo, au agroveti kama waliitavyo wenyeji, limejaa maneno kuliko bidhaa: mlango umebandikwa karatasi za rangi, ukuta umechorwa mahindi ya punje nene, pakiti zimepangwa rafuni kila moja ikijinasibu, na gari lenye kipaza sauti linapita likinadi miche ya parachichi. Wengi huyapuuza maneno hayo, na wengine huyasadiki yote pamoja. Mimi nayahesabu kuwa ni sanaa, yenye mabingwa na wababaishaji wake, na kuwapambanua ni faradhi, kwa sababu mkulima hununua neno miezi mingi kabla ya kuiona mali. Pakiti ya mbegu haionjwi dukani, na ukweli wake hautoki ardhini ila baada ya fedha kwisha kulipwa na mvua kwisha kunyesha.

Mizani ninayoitanguliza mbele ya nyingine zote ni kuuliza neno limejifunga kwa kiasi gani. Aandikaye kwamba mbegu yake ni bora na mavuno yake ni tele hakusema kitu cha kushikika, na msimu ukiharibika ana njia nyingi za kutokea. Lakini itazame H614, mahindi chotara ya Kenya Seed Company ya Kitale, yanayotangazwa kuwa ni ya mwinuko wa baina ya mita 1,500 na 2,100, yenye kukaa shambani miezi sita au zaidi, na yenye kuhitaji kilo 10 za mbegu kwa ekari. Msomaji mwenye pupa atasema maneno hayo ni makavu. Mjuzi huona kwamba muuzaji ametoa ahadi tatu ambazo kila moja yaweza kumsuta, na kwamba kwa ile ya kwanza amemwambia mkulima wa juu kabisa kuelekea Nyahururu, pamoja na yule wa nchi kavu ya chini, kuwa mbegu hii si yenu. Kumrudisha mnunuzi kwa maandishi, hali fedha yake imo mkononi, ndiyo balagha ya daraja la juu niijuayo katika kazi hii, kwa maana anayebaki husadiki kwamba ameitwa yeye, wala hakuitwa kila mpita njia. Hata jina lenyewe lina kazi: H611 ilipotolewa mwaka 1964, kwa kuchanganya Kitale Synthetic II na Ecuador 573, ilianza nasaba ambayo tarakimu yake ya kwanza, 6, ni alama ya nyanda za juu, kama 5 ilivyo alama ya mwinuko wa kadiri.

Wako walioshika njia nyingine, ya taswira, nayo siidharau. Kampuni ya Seed Co imezipa mbegu zake majina ya wanyama, na wanyama wenyewe hawakuchaguliwa kwa ajili ya fahari tu: Duma ni mahindi yakomaayo mapema, Tembo ni yale yachukuayo muda mrefu, na Punda Milia yuko katikati. Mzee asiyejua kusoma humtuma mjukuu dukani kwa jina la mnyama, na ndani ya jina hilo amekwisha kupokea habari ya muda wa kungoja. Hapo pana hukumu yangu juu ya tashbihi zote za biashara: ikiondolewa, je, habari yoyote imepotea? Ikiwa haikupotea, ilikuwa rangi ya ukuta. Habari ya kuthibitika hushinda sifa hata nje ya kilimo: alipoandika tangazo la gari la Rolls-Royce mwaka 1958, mwandishi wa matangazo David Ogilvy hakulisifu kwa utulivu wake. Alieleza kwamba katika mwendo wa maili 60 kwa saa, mlio wa saa ya umeme iliyomo ndani unaishinda kelele nyingine yoyote, jambo ambalo mnunuzi angeweza kupanda, akanyamaza, akalithibitisha kwa masikio yake.

Baada ya hapo nautazama ushahidi wa watu, ambao ni silaha kali kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Picha ya mkulima anayecheka, asiye na jina wala kijiji, haishuhudii neno. Shamba la mfano kando ya njia, lenye kibao kidogo kinachotaja aina ya mbegu kwenye kila mstari, hushuhudia mengi, kwa kuwa maneno na mali vimesimama pamoja juani. Hata hivyo mjuzi huuliza limetiwa mbolea gani, na kama palizi lake ni palizi la jirani au la kampuni. Na msongamano wa wanunuzi si ushahidi kabisa. Waliofuga kware katika Kenya mwaka 2013 na 2014 walishawishiwa na sifa za tiba zilizovumishwa juu ya mayai yake, na zaidi ya hizo na kuona kila mtu anafuga, mpaka ikadhihiri kwamba wengi wa waliokuwa wakinunua kware walinunua ili wauze kware, na mlaji alikuwa haba. Soko likaporomoka, na watu wakabaki na vizimba.

Juu ya haraka nitasema machache. Mwenye duka aonyaye mwezi Machi kwamba mbegu zitakwisha asema kweli mara nyingi, kwa kuwa kalenda yake ni mvua. Yule asemaye bei hii mwisho ni Jumamosi, na Jumatatu ikabaki ile ile, ameitunga kalenda yeye mwenyewe.

Matangazo ya miche ya parachichi aina ya Hass yanastahili uangalifu wa pekee, maana yamejengwa juu ya hesabu, na hesabu huheshimiwa kuliko sifa. Hutajwa miti ya ekari moja, ikazidishwa kwa matunda ya mti uliokomaa, ikazidishwa kwa bei ya juu ya msimu, na jumla ikaandikwa kwa herufi kubwa. Kila tarakimu huenda ni sahihi mahali pake. Hila imo katika kuzikutanisha mwaka mmoja. Tangazo la bingwa husema kwamba mche umepandikizwa, hutaja vikonyo vilikatwa kwa miti ipi, huahidi matunda ya kwanza baada ya miaka kama mitatu, wala halifichi kwamba Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikisimamisha mavuno ya kupelekwa ng'ambo mwishoni mwa mwaka ili matunda machanga yasisafirishwe. Tangazo la namna hiyo nimeliona kwa nadra, na nililiheshimu kabla sijauliza bei.

Imebaki hadhi ya kuazima: koti jeupe la daktari, muhuri, jina la serikali. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iligunduliwa ndani ya magunia yaliyouzwa kwa wakulima wa Kenya katika mpango wa ruzuku wa serikali, na hakuna fasihi ya gunia ambayo ingemwonya msomaji, kwa sababu imani haikutoka katika maneno yaliyoandikwa, ilitoka mahali gunia lilipokuwa limewekwa. Basi muhuri nao upimwe kwa mizani ile ile ya kujifunga. Pakiti ya mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, ina kibandiko cha kukwaruzwa. Mnunuzi huikwaruza namba, akaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, na jibu humtajia aina ya mbegu na kampuni iliyoifungasha, ayalinganishe na maandishi ya pakiti hapo hapo kaunta, kabla hajatoa pochi.