Tembo, Tai na Mpagazi Asiyeonekana: Uhakiki wa Taswira katika Sarafu ya Dhahabu ya Tabora ya 1916

Sehemu hii inahakiki taswira za sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Sarafu inachukuliwa hapa kuwa matini fupi yenye mtunzi, hadhira na mambo iliyoyanyamazia.

Sarafu hiyo ilizaliwa katika dhiki ya vita. Kwa kuwa manowari za Uingereza ziliizingira pwani, utawala wa Kijerumani ulitumia karakana ya reli na dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani. Wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, pamoja na herufi T ya Tabora. Zilipigwa zaidi ya 16,000 kabla majeshi ya Kibelgiji hayajautwaa mji Septemba 1916.

Ulinganisho na Foinike unafaa. Sarafu za fedha za Sidoni, katika karne ya 4 KK, zilionesha merikebu upande mmoja na mfalme garini upande wa pili. Hapo mamlaka na chombo kilicholeta utajiri vimewekwa mgongo kwa mgongo. Tabora nayo ilikuwa bandari isiyo na bahari: njia za Ujiji na Karagwe zilikutana huko, na merikebu yake ilikuwa bega la mpagazi wa Kinyamwezi. Sarafu yake inaonesha mtawala na chimbuko la bidhaa, lakini mchukuzi hayumo.

Inaweza kupingwa kwamba wanyama walikuwa desturi tu, kwani rupia ya 1890 ilikuwa tayari na simba. Hoja hiyo inaeleza asili ya picha, haiondoi maana yake. Tembo wa sarafu ni mzima, mwenye pembe zake. Njia ya misafara ilimjua zaidi kama pembe iliyokwisha kung'olewa na kutwikwa mtu. Hivyo picha inafuta mauaji na mzigo kwa pamoja.

Hata hivyo, watumiaji hawakuwa bubu. Heller, sarafu ndogo iliyoanzishwa mwaka 1904, ilibeba taji la mfalme wa Ujerumani. Taji limesahaulika, lakini Waswahili walilichukua jina na kulifanya lao: hela. Kwa hiyo, mtafiti anahitimisha kwamba uhakiki wa sarafu za kikoloni usiishie kwenye kilichochongwa. Ufuatilie pia kinywa cha aliyezitumia.